Mwenye Zamu ya Alfajiri

Khole alikuwa hatulii. Chai aliinywa wima, na madaftari ya wanafunzi aliyasahihisha huku akitembea kutoka jikoni mpaka barzani na kurudi. Mkwewe, Mzee Suud, alikuwa akimwangalia tu.

"Mwanangu, hebu tuliza hiyo miguu. Zulia hili utalimaliza wewe kabla ya wageni."

Wiki ile ilizidi. Alhamisi mwalimu huyu wa tarikhi alialikwa kuzungumza katika chuo kimoja pale Nizwa, Oman, juu ya jambo alilolisomea Sydney: vita vya wenyeji wa Australia na Waingereza wa mwanzo waliokuja kuwatwalia ardhi. Naye alitaka kuongeza Tanuf, kijiji cha mkwewe, kilichopigwa mabomu na ndege za Waingereza wakati wa vita vya Mlima, miaka ya hamsini. Siku hizi watu wanaijua Tanuf kwa maji ya chupa, na magofu yake wanayapiga picha. Khole alitaka kumtaja mtu mmoja aliyefia pale, kaka yake Mzee Suud. Jina lake halikutajwa katika nyumba ile. Yaqoob, mume wa Khole, alimnong'oneza jina hilo mara moja tu, garini, vioo vimefungwa. Bila ya ruhusa ya mzee hangethubutu.

Ijumaa iliyotangulia alimfuata mzee kwenye magofu ya Tanuf. Kila Ijumaa mzee huenda kusafisha kipande cha falaj, mfereji wa zamani wa kunyweshea mitende, kipande kisichopita maji tangu vita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunisaidia au kuniuliza?"

"Yote mawili."

"Basi anza na jembe."

Khole alichimbua mchanga, na huku akieleza. Kule Sydney, kando ya mto, wenyeji walikuwa na viazi vyao vikuu. Waingereza wakaving'oa, wakapanda mahindi. Mahindi yalipoiva, wenye viazi wakaja kuyavuna, na mengine wakayatia moto. Askari wakapelekwa wawavizie, wakawapiga risasi, na ikaagizwa maiti watundikwe ili wengine waogope.

"Wakaogopa?"

"Waliogopa, baba, lakini walirudi. Miaka na miaka."

"Na mikuki tu?"

"Na mikuki."

Mzee alicheka kidogo. "Wapumbavu kama sisi." Kisha akauliza polepole, "Walijua kama wanaviziwa?"

"Walijua. Lakini chakula chao kilikuwa pale."

Mzee Suud aliketi juu ya ukingo wa mfereji, kanzu yake katika vumbi.

"Yeye kaka yangu alikuwa juu mlimani na bunduki yake," alisema. "Hapana aliyemwambia ashuke. Lakini alfajiri ile ilikuwa zamu yetu ya maji. Zamu ikikupita, maji yanakwenda kwa jirani, na mitende yako inakaa na kiu mpaka mzunguko mwengine. Mama alimpelekea mtu: usije, mdogo wako atafungua. Hakuniamini. Jiwe la kuzibia mfereji lilikuwa zito, na mimi nilikuwa mtoto." Alipangusa mikono. "Akashuka kulitoa yeye. Ndege zikaja."

Khole alikuwa amesimama, jembe mkononi, na kwa mara ya kwanza hakujua aende wapi.

"Haukupita muda nikapelekwa Unguja kwa ami yangu, nikauze vitambaa Darajani. Huko ndiko nilikojifunza Kiswahili, na kunyamaza."

"Nimtaje, baba?"

"Jina liache. Mama alilikataza. Alisema akiitwa ataitika, naye hana njia ya kurudi."

Khole alimkumbuka bibi mmoja mwenyeji wa kule Sydney, aliyemzuia kwa mkono alipotaka kumtaja marehemu wa ukoo wao. Na wao huyapumzisha majina ya wafu.

"Sasa nisemeje?"

"Sema mwenye zamu ya alfajiri."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Khole alizungumza kwa Kiarabu, akisogea kushoto na kulia mpaka waya wa kipaza sauti ukamzonga miguuni. Alimaliza mto na mahindi, kisha akasema: katika kijiji kimoja chini ya mlima, mwenye zamu ya alfajiri alishuka kufungua maji.

Msichana mmoja, Balqis, alinyanyua mkono. "Jina lake nani, ustadha?"

Jina lilimfika kwenye meno. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alimwona Mzee Suud, aliyeapa kuwa hatakuja. Alikuwa anaangalia sakafu.

"Halitajwi," alisema Khole.

Wazee wachache wenye bakora walitikisa vichwa kukubali. "Mungu amrehemu," mmoja wao alisema, na wengine wakaitikia amin. Hao ndio waliomjua marehemu.

Garini, walipofika kwenye taa za barabarani, mzee alimgeukia.

"Ulisimama vibaya. Kama mtu anayetaka kukimbia."

"Nilitaka kukimbia, baba."

"Kesho Ijumaa, usichelewe. Na uje na jembe lako, langu limevunjika mpini."