Siku Niliyopaka Kijani Kitufe cha Kufuta

Naona haya kulisimulia hili, na hasira zenyewe hazijanitoka, kwa hiyo nikianza kutukana mnivumilie, najitukana mwenyewe.

Bi Zuhura, Mzanzibari anayesafirisha mizigo kwa ndege hapa Sanyuanli, Uchina, aliniomba nimtengenezee ukurasa wa kufuatilia mizigo, maana wateja walikuwa wanampigia simu kutwa. Sikutaka kuchora vitufe kimoja kimoja, nikashusha mtandaoni maktaba ya vitufe na fomu zilizokwisha kupambwa, wewe unachagua pambo moja tu na ukurasa mzima unavaa rangi zake. Ukurasa wa kwanza wa maelekezo ulisema usomwe kabla ya kugusa chochote. Nikauruka (mjuaji mimi, eti maelekezo ni ya wanaojifunza), nikachukua pambo la juu kabisa kwenye orodha, la sikukuu ya Wachina, jekundu tupu, maana kwao nyekundu ndiyo heri.

Siku ya kuuonyesha ofisi imejaa wateja, Mama Salma yuko mbele, mabaibui yake ya Idi yanaondoka jioni ileile, nafungua skrini, mizigo yote myekundu.

"Mbona yangu yamezuiwa?"

"Hayajazuiwa, mama, soma, imeandikwa nafasi ipo."

"Nyekundu hiyo, baba."

Watu wakaanza kunung'unika, Bi Zuhura kanikazia macho, na mimi badala ya kuomba nusu saa nikasome, nikafungua faili la rangi mbele yao nikaamuru kila nyekundu igeuke kijani. Kila nyekundu, pamoja na ya kitufe cha kufuta, mpumbavu mimi.

"Haya, sasa pamependeza," akasema Bi Zuhura, na (miwani hataki kuvaa, anakwenda kwa rangi) akabonyeza kijani kuthibitisha safari ya Mama Salma. Akaifuta. Nikampigia palepale Mchina wa ghala, anayegawa nafasi za ndege, akanijibu "meiyou", hakuna, nafasi ameshapewa mwingine, na ndege inayofuata ni baada ya Idi.

Mama Salma hakupandisha sauti. "Wateja wangu nikawaambie nini," akaniuliza, "kwamba ulikuwa unachagua rangi?"

Maelekezo nimeyasoma kesho yake. Mistari ya mwanzo tu inasema kila rangi ina kazi yake, usizibadilishe kwa mkupuo. Nimeapa sigusi tena kitu cha kupakua kabla sijamaliza ukurasa wake wa kwanza, hata kiwe cha kuwashia taa. Mama Salma tukikutana Xiaobei ananisalimia vizuri, ila mizigo yake anapeleka kwingine.