Verna Pavlik Akataa Kuhama

Verna Pavlik alikuwa amepika katika shule ya msingi ya mji wao, kule Ohio, kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyemtisha, sembuse mtu mzima aliyevaa tai. Barua ya manispaa ilipofika, ikisema nyumba yake ya Mtaa wa Cutler itatwaliwa kwa manufaa ya umma, aliisoma mara mbili, kisha akavuka ua kumwuliza jirani yake, Otis Rainey, kama naye kaipata.

Otis, tarishi mstaafu, alikuwa kaipata. Nyumba zote kumi na mbili za mtaa huo zilikuwa zimeipata. Manispaa ilitaka mahali pa kuegesha magari, na kila mwenye nyumba angelipwa dola elfu sitini na nane.

Verna akamwendea wakili, mwanamke mpole asiyezunguka maneno. Akaambiwa kesi kama hiyo huanza na malipo ya dola elfu ishirini na tano, na mthamini wa nyumba ana bei yake kando.

"Kwa hiyo haki ninayo, ila siwezi kuinunua," Verna alisema.

"Nikikwambia vingine nitakuwa nakudanganya, mama. Lakini sheria haikukatazi kujisimamia mwenyewe."

Akarudi nyumbani na neno hilo tu. Tangu hapo akawa anashinda maktaba, akisoma kumbukumbu za vikao vya baraza la mji mpaka macho yanamwasha. Majirani wakamwona kachanganyikiwa. Mmoja baada ya mwingine wakatia sahihi ya kuuza na kufunga mizigo.

Mwishowe akaja Otis, akasimama kwenye ngazi za nyuma, mkono kwenye nyonga inayomwuma.

"Nilitia sahihi jana, Verna. Nyonga hii haiwezi mahakama."

"Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja unitukane, roho yangu itulie."

Hakumtukana. Alifunga mlango, akakaa jikoni akilia kwa hasira, kwa kuwa miaka ishirini na sita walikuwa wakinywa kahawa pamoja.

Siku ya kesi, wakili wa manispaa alizungumza taratibu mno, kama anayemweleza mgonjwa. Verna alimwacha amalize. Zamu yake ilipofika, alimwita ofisa wa mipango miji, akafungua karatasi alizonakili maktaba.

"Hapo mahali pa magari patakuwa na geti?"

"Ndiyo."

"Nikija na gari langu, geti litanifungukia?"

Ofisa akamtazama wakili wake.

"Nakuuliza wewe, mwanangu. Yeye mwache."

"Litafunguka kwa kadi," alisema ofisa. "Kadi za wageni wa hoteli mpya ya hapo jirani."

"Basi huo umma wenu unalala hotelini."

Mtu mmoja akacheka huko nyuma, na Verna aliijua sauti hiyo kabla hajageuka. Otis alikuwa ameketi mstari wa mwisho, na fimbo yake.

Baada ya wiki mbili jaji aliamua kwamba manispaa haikuonyesha manufaa ya umma yoyote, na nyumba isiguswe. Ila alimwonya Verna kwamba wanaweza kuanza upya wakiwa na sababu bora.

"Wanajua ninapokaa," alijibu.

Haukuwa ushindi wa kupigia vigelegele. Nyumba kumi na moja zilibomolewa, kwa kuwa wenyewe walikwisha kuuza, na lami ikaizunguka ya Verna pande tatu. Alikuwa amepungua kilo tisa. Jioni hakuna tena dirisha lenye taa la kulitazama. Otis, aliyehamia ghorofa ya upande wa pili wa mji, huja Alhamisi kwa basi.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, kijana wa hoteli alikuja kuuliza kama bibi amefikiria bei ya kuiuza nyumba. Verna alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani.

"Umeegesha kwenye nyasi zangu," akamwambia. "Litoe gari."

Akasimama pale kizingitini mpaka alipolitoa.