Kufuli Nililolipeleka Msibani

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nachoka upya. Hebu sogeza kiti unisikilize, maana jana umeniambia kwa majivuno kwamba kwenye seva ya ofisini kwenu umeweka kufuli ambalo hata mkurugenzi halivunji. Na mimi niliwahi kuliweka, nikiwa kijana kama wewe.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Kampuni yetu ndogo pale Mafiga ilichora mifereji ya wakulima wa mpunga wa Dakawa. Michoro yote ilikaa kwenye seva moja, pamoja na kila badiliko lililowahi kufanywa. Sasa mchoro si kama maandishi. Wawili wakiushika kwa pamoja, mmoja anafuta kazi ya mwenzake. Kwa hiyo anayechora anaufunga kwanza, wengine wanasubiri. Tatizo ni kwamba kufuli lenyewe yeyote aliweza kulivunja. Mwenzetu mmoja akanivunjia langu, kazi yangu yote ikapotea. Nilikasirika, we acha tu! Nikaandika kiprogramu kidogo kikae kwenye seva. Mtu akitaka kuvunja kufuli, kinaamka kwanza na kutazama jina lake. Kama siye aliyefunga, kinakataa, basi.

Haikupita muda, mchoraji wetu Mkude akafiwa na mama yake huko Mgeta, milimani. Akaondoka mbio, mchoro wa mfereji mkuu ukabaki umefungwa kwa jina lake. Mama Salome, mkuu wetu, akagundua kina cha mfereji kimekosewa, na katapila la kukodi lilikuwa lianze kuchimba kesho yake. Mkandarasi naye hakupokea mchoro wowote usiotoka kwenye seva.

"Ondoa hicho kidude chako," Mama Salome akaniambia.

"Sheria ni sheria, mama. Afungue Mkude mwenyewe."

"Mkude yuko msibani!"

"Basi nitamfuata huko huko."

Kiburi cha ujana hicho, mwanangu. Nikadandia lori la mboga lililokuwa linarudi tupu, maana kule juu simu zilikuwa hazishiki. Lilipoishia barabara nikapanda njia ya miguu mpaka magoti yakaniuma. Nikakuta watu wamekaa mikekani, wametoka kuzika. Nikatoa shikamoo, nikatoa pole, kisha, Mungu anisamehe, nikachuchumaa mbele ya Mkude nikamwomba neno lake la siri ili nifungue mchoro kwa jina lake.

Mkude alinitazama kama mtu asiyenijua. Aliyejibu ni mjomba wake, mkubwa wa ukoo wao.

"Huo mchoro unaousema, kaufunga nani?"

"Mkude, mzee. Ila mimi ndiye niliyezuia watu wengine wasiufungue."

"Na wewe huwezi kukiondoa hicho kizuizi?"

"Naweza, lakini..."

"Unaweza! Halafu umepanda mlima wote huu kumsumbua mfiwa? Mtoto amemzika mama yake leo. Kaa chini, kunywa maji, kisha ushuke ukaondoe kitu chako."

Niliona aibu, masikio yakawaka moto. Nikanywa yale maji, nikaaga.

Kupata gari la kushuka ikawa kazi. Nilifika Mafiga kesho yake, jua likiwa utosini. Kukiondoa kile kiprogramu hakukuchukua hata muda wa kunywa chai. Mama Salome akavunja kufuli, akasahihisha mchoro, lakini katapila lilikuwa limeshahamia kwa watu wengine, na kipande cha mwisho cha mfereji kikabaki hakijachimbwa. Msimu ule mashamba ya mwisho wa mfereji hayakupata maji. Bi Mwajuma, mmoja wa wenye mashamba hayo, alikuja ofisini akaniuliza kwa upole tu, "Baba, maji yatakuja lini?" Bora angenitukana.

Basi, mwanangu, kufuli weka, sikukatazi. Kazi ya mtu ilindwe. Ila kifundishe kiprogramu chako kupiga hodi. Kimuulize anayevunja ana sababu gani, kiiandike, kimpelekee mwenye kufuli taarifa. Na awepo mtu wa pili wa kuruhusu mwenyewe anapokuwa hayupo. Watu wanaugua, wanajifungua, wanafiwa, na mpunga unataka maji siku hiyo hiyo.

Haya, niache nijinyooshe kidogo. Mungu ailinde kazi ya mikono yako, na siku utakapoitwa msibani, akujalie uende ukiwa umemwachia mtu ufunguo.