Zimwi Lililotoka kwa Dada

Simpendi mtu anayesema mchezo ni mchezo tu. Nikisikia maneno hayo namkumbuka rafiki yangu fundi mihuri, ambaye sisi wenzake tunamwita Muhuri, na zile wiki tatu alizokaa akikwepa macho ya dada yake ndani ya nyumba moja yenye vyumba viwili na sebule.

Muhuri ana kibanda chembamba, kinyozi upande huu, duka la madaftari upande ule. Anachonga mihuri ya mpira ya shule, maghala na mawakili. Ni kazi ya macho na subira, maana herufi huchongwa kinyume ili zikigongwa kwenye karatasi zisomeke. Mwenyewe haongei sana. Anatazama. Ukikaa naye nusu saa, ujue ameshaondoka na kitu chako: unavyokohoa kabla ya kusema uongo, unavyopapasa mfuko kila ukimwona polisi.

Jumamosi alasiri tulikuwa tunakutana sebuleni kwake watu wanne: yeye, muuguzi wa zahanati, fundi umeme mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, na mimi, mwalimu wa hesabu. Mchezo wetu unachezwa mezani kwa kalamu, karatasi na dadu. Sisi watatu kila mmoja alikuwa na shujaa wake. Muhuri alikuwa msimulizi: yeye ndiye aliyetuambia tumefika wapi na tunaona nini, na yeye ndiye aliyeyasemea na kuyachezea mazimwi tuliyokutana nayo njiani. Ukitaka kulipiga zimwi unatupa dadu, namba inaamua kama umelipata au umepiga hewa.

Mchezo huo una kitabu chake chenye mazimwi tele, lakini Muhuri aliyadharau. "Haya ni ya dukani," alisema, "kila mtu ameshayaua." Akawa anatunga ya kwake, kila moja na kadi yake, picha mbele, nguvu na udhaifu nyuma. Aliyatoa kwa watu. Mwenye nyumba wao alizaa zimwi linalobisha hodi kila baada ya hatua kumi, ambalo ukilikaribisha ndani linakosa la kusema na kufa kwa haya. Mimi nilizaa moja linaloitwa Msahihishaji. Halikuweza kumgusa mtu kabla ya kumrekebisha kauli yake, na fundi umeme alilimaliza kwa kuongea ovyo tu mfululizo. Nilinuna wiki nzima. Baadaye nilicheka, kwa sababu ni kweli.

Sasa ngoja niseme kosa langu kabla sijafika kwenye la mwenzangu. Tulikuwa na desturi tuliyoiita mazishi. Zimwi likifa, Muhuri anageuza kadi yake, anaigonga muhuri mwekundu ulioandikwa LIMEKUFA, kisha anatuambia amelitoa kwa nani. Na mazishini hakuna kudanganya. Kanuni hiyo niliitunga mimi, na niliipigania kwa mdomo wangu huu.

Dada yake Muhuri tulikuwa tunamwita Dada, wote, hata fundi umeme aliyemzidi umri. Mama yao alipofariki Muhuri alikuwa na miaka tisa, na Dada akaacha shule ili yeye asome. Alifanya kazi kwenye dirisha la mapokezi la zahanati, ile ile ya muuguzi wetu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Alikuwa anaandika majina ya wagonjwa na kutoa mafaili, lakini hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa salamu. Kuna bibi waliokuwa wakijikongoja hadi pale bila ugonjwa wowote, wasalimiwe na Dada, waulizwe habari za wajukuu, warudi nyumbani wamepona.

Miaka sita iliyopita Dada aliugua homa kali, na ilipomwacha ilikuwa imeondoka na sikio lake la kushoto. Alimwambia mdogo wake peke yake. "Hili ni la watu wawili," alimwambia. "Wakijua wataniondoa dirishani, na mimi nje ya lile dirisha sijui nitakuwa nani." Tangu hapo Muhuri akitembea naye alikaa kulia. Pale kazini Dada alijifunza kuinamisha shingo, na jina likimpita alisema kwa tabasamu, "Rudia, mpenzi. Jina zuri halisemwi mara moja." Watu walicheka, wakarudia. Hakuna aliyeshtuka.

Kisha Muhuri akatunga Mlinda-Lango.

Lilikuwa zimwi bora kuliko yote, nalisema hilo kwa uchungu. Lilikaa mbele ya mji uliofungwa na kumwuliza kila mpita njia jina lake. Lilisikia nyayo za panya. Tulilivamia kwa mbele, likatutupa. Tulijaribu hila zote, likatutupa tena, na kila mara lilituambia kwa sauti tamu, "Rudia, mpenzi. Jina zuri halisemwi mara moja." Jumamosi tatu tulitoka pale mashujaa wetu wote wamechubuka. Jumamosi ya nne muuguzi akaweka kalamu mdomoni, akafikiri, akasema, "Linageuza shingo kila tukiliongelesha. Mimi nanyata, napita upande wake wa kushoto."

Muhuri akaitazama kadi yake. "Halikusikii," alisema.

Tulilirukia wote upande huo. Muhuri aliigiza zimwi likizungusha shingo huku na huku, likiuliza, "Nani? Nani hapo? Rudia, mpenzi," na sisi tunalipiga. Nilicheka mpaka machozi. Lilipoanguka, fundi umeme alisimama akapiga makofi na kusema hajawahi kuona akili kama ile. Muhuri alikuwa anang'aa. Akageuza kadi, akagonga muhuri mwekundu.

"Mazishi!" nilipaza sauti. "Umelitoa kwa nani?"

Angeweza kusema ameliota. Lakini sifa zilikuwa zimempanda kichwani. "Kwa Dada," alisema, bado anatabasamu. "Sikio lake la kushoto halisikii, mwaka wa sita huu, na hakuna anayejua."

Dada mwenyewe alikuwa jikoni, mgongo umetuelekea, anaosha vikombe vyetu, hakusikia kitu. Fundi umeme aliendelea kucheka kidogo, kisha akatazama jikoni. Muuguzi aliweka kalamu mezani taratibu. Hapo ndipo Muhuri aliposikia alichokisema.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, pale zahanati, wagonjwa wawili wenye majina yanayokaribiana walipewa kila mmoja faili la mwenzake. Mmoja alishakunja mkono wa shati achomwe sindano ya mwenzake, na ni muuguzi wetu aliyeuliza swali moja la ziada akagundua. Hakuna aliyejua kosa limetoka wapi. Sasa muuguzi alijua. Jumatatu alikwenda kwa msimamizi. Aliniambia baadaye, "Mwalimu, ningenyamaza, halafu mtu afe?"

Dada alipimwa masikio, akahamishiwa stoo ya mashuka. Mshahara ulibaki ule ule. Chumba hicho kina rafu, mashuka na dirisha dogo la juu lisiloonyesha mtu. Anakunja, anahesabu, anakunja. Wale bibi wakimwulizia wanaambiwa amepewa kazi nyingine.

Nyumbani Dada hakulia. Alisema tu kwamba ni muuguzi aliyempeleleza, alikuja kunywa chai yake kumbe anamchunguza shingo. Akaacha kumwamkia. Wakikutana ukumbini pale zahanati anapita kama anapita ukuta. Muuguzi naye alikubali kubeba lawama, hakumtaja mtu. Na Muhuri alimwacha aibebe.

Ukitaka kujua hatia inavyomla mtu, ungekwenda kibandani kwake wakati huo. Mwakilishi wa ghala moja alikuja kuchukua muhuri wake akaugonga kwenye karatasi, maneno yakatoka yamegeuka nyuma mbele. Muhuri alikuwa amezichonga herufi kama zinavyosomwa, kosa ambalo fundi mihuri hulifanya wiki yake ya kwanza tu. Aliomba radhi, akachonga upya, akakosea tena vile vile.

Siku hiyo alinifuata shuleni saa ya mapumziko, akasimama kwenye mlango wa ofisi ya walimu na vumbi la chaki likimwangukia. "Nimemuuza dada yangu, Mwalimu," alisema. "Nimemuuza kwa makofi."

"Umemwambia?"

"Bado."

"Wiki ya tatu hii! Unasubiri nini, agundue mwenyewe?" Nilimfokea. Ilikuwa rahisi kumfokea yeye kuliko kujifokea mimi niliyepiga kelele ya mazishi.

"Akinifukuza je?"

"Utalala kwangu. Nenda."

Alimkuta Dada sebuleni anachambua mchele kwenye ungo. Akakaa kulia kwake, kama kawaida. Kabla hajafungua mdomo, Dada akasema, "Leo tena nimepishana na yule muuguzi. Wazee hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Mtu namkaribisha kwangu, kumbe!"

"Si yeye, dada," Muhuri alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

Akamweleza yote, kadi, lango, ile sauti, mpaka neno lake la mwisho pale mezani. Hakujitetea, na hakunitaja mimi na kanuni yangu, jambo ambalo limenikaa rohoni. Dada aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe, akakitazama, akakiweka pembeni.

"Nimemnyima yule binti salamu wiki tatu," alisema. "Kesho nitamwomba radhi mwenyewe." Kisha akauliza, "Kwenye mchezo wenu, zimwi analisemea nani?"

"Mimi, dada."

"Na wanaolipiga ni wenzako watatu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo pale mezani lilikuwa na wewe tu."

Muhuri alikiokota kile kijiwe, akakifumbata kiganjani.

"Lilikuwa na wewe tu, mwanangu," Dada alisema, "na wewe ukawaonyesha pa kulipiga."

Akainuka na ungo wake, akaenda kuosha mchele.