Gitaa la Bei ya Mbuzi Watatu

Kwa miaka thelathini hivi nilikuwa mpiga gitaa mkubwa asiye na gitaa. Cheo hicho nilikipata nyumbani kwetu Mikindani, nikahama nacho hadi Chuno nilipooa, na kwenye kibaraza cha kahawa hapo mtaani hakuna aliyenipinga. Walinibishia habari za mpira, za siasa na za bei ya korosho, lakini kwenye gitaa waliniachia uwanja. Wimbo ukipigwa redioni, mimi natingisha kichwa kidogo na kusema, "Hapo kachelewa," na wenzangu wanaguna kwa heshima. Kisha mmoja wao ananisemea yale niliyojidai kuyanyamazia: "Huyu bwana angepata gitaa utotoni, leo tungekuwa tunamtazama kwenye televisheni."

Chanzo cha yote ni baba yangu. Alikuwa fundi cherehani, na mimi nilikuwa kidato cha pili, wakati bendi moja ya mjini ilipovunjika na mpigaji wake akatangaza kuuza gitaa lake la umeme. Nililitaka gitaa lile mpaka nikagoma kula siku mbili, ingawa mihogo ya kuchoma ya nyumba ya jirani sikuihesabu kuwa ni kula. Baba akavaa kanzu yake ya Ijumaa akaenda kuliona. Jioni alirudi akisukuma baiskeli. Alisema gitaa lile lilikuwa likiuzwa bei ya cherehani mbili, na shule ilikuwa mbali. Baiskeli hiyo niliipanda mpaka nikamaliza shule, na sikuwahi kumshukuru.

Mimi nililia wiki moja nikasahau. Baba hakusahau. Jambo lile lilimkaa rohoni, na kila mwaka lilizidi kukua badala ya kupungua. Dada yangu alipofeli mtihani, alifeli yeye mwenyewe na akasemwa mchana kutwa. Nilipofeli mimi, baba aliinamisha kichwa akasema, "Huyu nilimvunja moyo mimi." Dada alichota maji na kufagia uwanja, mimi nilikaa kizingitini nimejiinamia, kwa sababu msanii aliyenyimwa chombo chake hawezi kushika fagio. Sikukuu ikifika, nyama ya paja ilisogezwa kwangu bila mtu kuambiwa. Naona haya kuyaandika haya, lakini nilijua vizuri ninachofanya. Nikiwa na shida na baba, nilikuwa nikikaa karibu naye na kuchezesha vidole vya mkono wa kushoto hewani, taratibu, kama mtu anayebonyeza nyuzi bila kujijua. Mzee wa watu alikuwa hamalizi dakika mbili kabla ya kuuliza nina tatizo gani.

Katika miaka hiyo yote magitaa yenyewe yalinilinda. Ya bei kubwa hayakuwa ya mtu kama mimi, karani wa ofisi ya serikali, na ya bei ndogo yalikuwa mabaya kwelikweli. Shingo ilipinda kwa joto letu kabla mwaka haujaisha. Nyuzi zilikaa juu mno, mtu akizibonyeza anaumia vidole, na funguo za kukazia zililegea wimbo ukiwa katikati. Mtu akinionyesha gitaa la namna hiyo dukani, nililigeuza mara moja, nikalirudisha na kusema, "Hizi ni kuni." Nilikuwa nasema kweli, na hiyo ndiyo raha niliyokuwa nayo.

Kisha, miaka hii ya simu za kupangusa, watu wa viwandani huko Asia wakaniharibia maisha. Wakapata mashine za kuchonga shingo ikanyooka, vyuma vyake vikakaa sawasawa, sumaku za chini ya nyuzi zikatoa mlio safi, na bei ikabaki ya mtu wa kawaida. Mtandaoni kulijaa video za kusifu magitaa hayo. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye ndevu aliyefungwa kitambaa machoni, akapigiwa gitaa la bei mbaya na la bei nafuu, akashindwa kusema lipi ni lipi. Mke wangu aliipenda sana video ile. Mimi niliiangalia mara nne nikitafuta alipodanganya. Nikaanza kujifunza kasoro: nikawaambia watu wa kahawa kwamba mbao si yenyewe, sumaku si zenyewe, na rangi imepakwa nene mno, inaziba sauti. Sikujua hata neno moja lina maana gani, ila nililisema kwa uchungu.

Msimu wa korosho uliopita, mnada wa kwanza ulipokwisha, baba aliniita Mikindani. Ana shamba dogo la mikorosho, na ndilo linalomweka, maana macho yamefanya ukungu na hashoni tena. Nilikwenda na mke wangu. Baba aliitikia shikamoo zetu, akatukalisha, akasema:

"Mwanangu, mimi siku zangu zimekwenda. Wenzangu wakilala wanawaza swala walizozikosa. Mimi zipo nilizokosa, sikatai, lakini nikifumba macho naona gitaa lako. Nimesikia sasa yapo mazuri na bei yake si ya kuua mtu. Kanunueni. Nataka nikusikie Idi, hapa uwanjani, roho yangu itulie."

Bahasha alimpa mke wangu. Alisema mimi sijui kununua kitu, na hilo ni kweli.

Mke wangu ni mtu wa Kitaya, kijiji cha kando ya mto, na Kiswahili chake hakijaiacha ile "n" ya huko mtoni inayokaa mahali pa "m" hata baada ya miaka yote mjini. Anauza vyombo vya jikoni pale sokoni: vinu, michi, sufuria, mbuzi za kukunia nazi. Kwenye duka la vyombo vya muziki aliingia na kikapu chake cha kawaida, kana kwamba ametumwa chumvi. Mimi nilikuwa nimeshapanga la kufanya. Nilikwenda moja kwa moja hadi dirishani, kwenye gitaa jekundu ambalo bei yake ingemaliza bahasha yote na kutaka nyingine mbili, nikasema, "Mimi nikipiga, ni hili. Pungufu ya hapo ni kumdanganya mzee." Nilitegemea turudi mikono mitupu na heshima yangu nzima.

Muuzaji akaniunga mkono upesi. "Hilo ni la wataalamu, bosi."

"Na lile?" mke wangu akauliza, akionyesha jeusi la kawaida lililokuwa ukutani.

"Lile ni la wanaoanza, mama."

"Yapige yote mawili."

Akageuka, akaangalia barabarani, akampigisha muuzaji mara tano huku akibahatisha lipi ni lipi. Alipata mara mbili. Akaniuliza kama mimi nimesikia tofauti. Nilimwambia tofauti ipo, ila inahitaji sikio la mpigaji. Alilichukua lile jeusi akalifanyia anachofanya kwa mchi kabla ya kuulipia kwa mchongaji: akaliinua usawa wa jicho, akafumba jicho la pili, akachungulia kuanzia mwanzo wa shingo hadi mwisho. Akaligonga mgongoni kwa kidole akisikiliza. Akapitisha kiganja pembeni mwa shingo kutafuta mahali panapokwaruza, akazungusha funguo moja moja, akalinusa. Halafu akalishusha lile jekundu, akalichungulia nalo.

"Hili limepinda," akasema.

Muuzaji alicheka, akalichungulia mwenyewe, akaacha kucheka. Gitaa la wataalamu lilikuwa limening'inia dirishani muda mrefu bila mnunuzi, likipigwa na jua na upepo wa chumvi, na shingo ilikuwa imekwenda upande. Baada ya hapo hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Mke wangu alilichukua jeusi kwa bei ya mbuzi watatu wa hapa kwetu, akapewa na spika yake ndogo, nyuzi za akiba na mkanda, na alipokuwa anatoka akaongezewa kitambaa cha kufutia.

Njiani nilinuna. Yeye aliliweka gitaa begani, akasema, "Limenyooka kuliko ntu niliyekuja naye." Hapo nikaelewa kwamba alinijua siku nyingi.

Ilibaki kama miezi minne kabla ya Idi. Wiki ya kwanza niliacha gitaa karibu na dirisha, nikiomba lipinde. Mke wangu akalihamishia chumbani na kulifuta kila jioni. Nilitegemea litoke kwenye sauti yake. Asubuhi nikilishika, limekaa palepale nilipoliacha. Nikakosa pa kujificha, nikaanza kujifunza kweli. Nikitoka kazini nilikuwa nakaa uani na simu mbele yangu, yule bwana wa ndevu ananielekeza, vidole vinaota sugu. Nilijitahidi kuliko nilivyowahi kujitahidi kwa jambo lolote, tuseme ukweli, ikiwemo shule.

Vidole vilikubali. Kilichogoma ni kitu kingine, na ilinichukua mwezi kukijua: sikuwa na majira ya muziki hata kidogo. Kila pahali nilipotakiwa kufika, nilifika nimechelewa, kisha nikakimbilia pa mbele nikapapita. Mke wangu alikuwa akitwanga kisamvu pembeni, na mapigo ya mchi wake yalikuwa sawa kuliko yangu, hivyo nikajaribu kuyafuata. Siku moja nikaona tumeanza kwenda pamoja. Nilifurahi sana, mpaka nilipomtazama na kugundua kwamba ananisubiri. Alikuwa anauzuia mchi juu hadi mimi nifike. Nilikwenda bafuni nikalia, si kwa sababu ya kudhihakiwa, maana hakunidhihaki. Nililia kwa sababu yule mpiga gitaa mkubwa nilikuwa nampenda, nimeishi naye tangu kidato cha pili, na hakuwahi kuwapo.

Siku ya Idi tulikwenda Mikindani. Umeme wetu, pamoja na gesi yote inayochimbwa hapo Mnazi Bay, una tabia ya kukatika bila kuombwa. Siku hiyo niliuomba ukatike kuanzia asubuhi, na taa ya sebuleni haikupepesa hata mara moja. Watu walikula pilau, uwanja ukafagiwa, baba akawekewa kiti mbele kabisa. Alikuwa amevaa kanzu aliyoishona mwenyewe kabla macho hayajamwishia. Aliwaambia majirani wanyamaze. Nilijua anangoja hukumu yake mwenyewe.

Nilipiga wimbo wa harusi wa zamani ambao kila mtu wa pwani hii anaujua. Watoto walianza kucheza, na ulipofika katikati wakaacha, kwa kuwa hawakujua mguu ukanyage wapi. Majirani walitazama vikombe vyao. Dada yangu alinitazama mimi, na machoni mwake niliyaona maji yote aliyochota. Nilipomaliza walipiga makofi, yale ya kumpigia mtoto aliyesoma risala.

Baba akaniita, akaomba gitaa. Alilipapasa kwa vidole vyake vya ushonaji, pembeni na mgongoni, akitafuta palipofumuka.

"Hiki chombo ni kizima?" akauliza.

Nilijua anachouliza. Majibu nilikuwa nayo, nimeyakusanya miaka mingi: mbao, sumaku, rangi. Ningesema lolote kati ya hayo angeamini, majirani wangeamini, na kibarazani Chuno ningebaki na cheo changu. Yeye angerudi kulala na gitaa lile la zamani machoni, mpaka siku yake. Nilimtafuta mke wangu. Alikuwa anakwangua ukoko wa sufuria, hanitazami.

"Ni kizima, baba."

"Shingo haijapinda?"

"Imenyooka."

"Na nyuzi?"

"Nzuri zote. Ni mimi, baba. Hata ungeninunulia lile la kwanza, ningepiga hivihivi."

Akasema, "Alhamdulillahi," na machozi yakamtoka, akayaacha yateremke mbele za watu. "Miaka yote hii nilidhani nimekunyima."

"Hukuninyima kitu."

Nilichutama hapo mbele yake nikisubiri. Baba yangu hajawahi kuniona nimeshindwa jambo asinipooze, asinitafutie neno zuri, na sasa nililihitaji neno hilo kuliko siku zote. Alijifuta uso kwa mkono wa kanzu, akajiegemeza kwenye kiti, mabega yakashuka. Akanitazama kama baba anavyomtazama mwanawe yeyote.

"Basi kazime hicho kidude," akasema. "Kinanipasua kichwa tangu ulipoanza."