Mhindi aliniambia "usiweke kitu ya chini", nikamharibia mama yake ndengu

Wakuu, salamu huko mliko. Hapa siongezi chumvi, chumvi naweka kwa sufuria tu.

Shule niliachia darasa la sita, Uriri. Leo hoteli mbili Migori ni zangu. Kuna Kalasinga wa Awendo, Mhindi wa kilemba, hula biryani yangu akilamba vidole. Nikajiambia Wahindi nimewamaliza.

Juzi Mhindi wa Homa Bay akanipigia. Mama yake alikuwa amefunga siku nane, maji moto tu. Asubuhi ya tisa anafungulia ndengu, jamaa wote wakiwa hapo.

"Hakuna nyama, hakuna yai. Na fundi, usiweke kitu ya chini."

Kitu ya bei ya chini? Mimi?

Nikachagua kitunguu grade one, saumu kubwa kubwa. Nikakaanga mpaka jirani akauliza ni harusi ya nani.

Ndengu nikaipeleka na gari yangu mwenyewe. Kufika jikoni kwao, nikaomba bibi ya yule Mhindi kitunguu ya kachumbari.

Akacheka. "Fundi, sisi dini yetu ni Jain. Hatuli kitu ya chini ya udongo. Kitunguu, saumu, viazi, ukiing'oa umeua mmea mzima na wadudu wake."

Akatoka kupanga sahani.

Wakuu, nikafunua sufuria yangu. Kitunguu ilikuwa imeyeyuka, hauioni. Harufu ningesema ni masala. Nani angejua?

Lakini mama wa watu siku nane, halafu mimi nimwangushe na kijiko ya kwanza? Na wageni ndio hao wanaketi. Jasho mpaka kwa soksi.

Nikaenda kwa mama mzee mwenyewe. Amezaliwa hapo Homa Bay, Dholuo ananishinda. Nikamwambia yote.

Nikajua jina yangu imekwisha.

"Omera, ndugu yangu, nimengoja siku nane. Saa moja itaniua? Osha mikono, leo wewe ni mwanafunzi."

Akaketi kwa kiti akiniamuru. Sufuria ingine. Ndengu, maji mingi, chumvi, jira kidogo kwa samli. Basi!

Akaonja ile maji ya ndengu.

"Hii sasa ndio kitu ya juu."

Wakuu, Wahindi si sufuria moja. Kalasinga bila saumu ananuna, huyu saumu ni mwiko. Kwani Mjaluo na Mkuria mtu akituwekea chakula moja aseme ni ya watu wa Migori, tutakubali? Uliza kabla ya kuwasha moto. Na ukiambiwa neno, uliza maana yake.

Nani mwingine neno moja imemtoa jasho? Weka hapa, hata kama ni kunicheka.

Ile sufuria ya kwanza iliisha hotelini kabla ya saa saba. Ilikuwa tamu, msinidharau.