Kusoma Hadisi Muchana

Mwaka 1973, nikiwa na miaka tisa, shida ilianza kwangu juu ya kitabu cha picha. Wengine shida yao ilianza na vita ao njaa. Yangu ilianza na mutoto muzungu wa kofia nyekundu, anatembea na mbuzi ndani ya theluji.

Kitabu nilipewa na masista juu nilikuwa napangusa viti vya kanisa. Kilikuwa cha Kifaransa. Nilikuwa mwaka wa pili shuleni, na Kifaransa changu kilikuwa cha kusalimia na kuomba kutoka inje. Theluji sikuwahi kuisikia. Nilipoona ule weupe nilijua palepale: ni vumbi ya simenti. Baba alikuwa amekwenda kutafuta kazi ya simenti kule Kabimba, hakurudi. Basi yule mutoto anamutafuta baba yake, na mbuzi njo anajua njia.

Mama alikuwa amelala ndani. Alikuwa amejifungua, mutoto amekufa, damu haikatiki. Akaniita: "Nyamazisha wadogo zako, kichwa kinanipasuka." Nikawakalisha wote wane kwenye mulango, nikafungua kitabu. Ilikuwa saa sita, jua katikati ya kichwa. Mama alisikia yote, hakunikataza. Hata aliuliza toka kitandani: "Na mbuzi alikula nini njiani?"

Juma lile halikuisha, akafa.

Kwetu kila mutoto anajua: hadisi ni za jioni, watu wakisha kula. Mwenye kuhadisia muchana anamuzika mama yake.

Mama mukubwa, dada ya mama, alifika matangani na gari-moshi toka Nyunzu. Majirani wakamwambia walichosikia. Akanisimamisha mbele ya watu wote wa kilio.

"Ulihadisia muchana?"

"Hapana, Mama. Nilisoma. Hata Padri anasoma muchana."

Watu wakacheka, na macho yao bado maji. Nilifikiri nimeshinda.

"Lete kitabu. Soma."

Nikasoma: mutoto, vumbi, Kabimba, mbuzi. Nilipofika mwisho akaninyang'anya kitabu, akamupa katekista. Huyu alijua Kifaransa na alipenda watu wajue kwamba anajua. Akafungua kurasa polepole.

"Hapa hakuna Kabimba. Hakuna baba. Hii ni theluji, inaanguka kwa wazungu. Mutoto anapeleka mbuzi sokoni."

"Kwa hiyo hakusoma?"

"Hakusoma, Mama. Ametunga."

"Mumesikia. Njo yeye aliyemuzika mama yake."

Kitabu akakitupa ndani ya moto wa matanga. Akaondoka na wadogo zangu wane. Niliwakimbilia mpaka kwenye gari-moshi. Kitinda mimba alininyooshea mukono, mama mukubwa akaupiga kofi: "Unamushika muuaji?"

Shule iliishia pale. Nililala kwa wamama wa ndakala, pale ufukoni mwa ziwa wanapoanika hao samaki wadogo. Niligeuza samaki juani, nilifukuza kunguru. Mama mumoja akizidisha fimbo, nahamia kwa mwingine. Kusoma nilijifunza kwa majina yaliyopakwa kwenye mitumbwi na kwa magunia ya unga. Hakuna aliyenifundisha, na asante yangu haina muntu wa kuipokea.

Vita ilipoingia Nyunzu, mimi tayari nina wajukuu, mama mukubwa alitokea kwenye mulango wangu, muzee, miguu imevimba, na furushi moja. Wadogo zangu aliowalea wako Lubumbashi, wala mumoja hakumutaka. Akaniita "mwanangu". Nikamupa chumba, kitanda, chandarua na samaki kila siku. Kanisani wananisifu.

Kila saa sita ya muchana naita wajukuu, tunakaa ndani ya chumba chake. Vitabu vya picha vinanivukia ziwa toka Kigoma, vya Kiswahili safi. Nasoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno. Siku ya kwanza aliziba masikio.

"Mwanangu, ni muchana!"

"Najua. Mama niliyebaki naye ni wewe tu. Kama ulisema kweli, utakufa. Usipokufa, ulisema uongo. Tuangalie."

Akageukia ukuta. Nilisoma, yeye akitembeza rozari. Malaria ilipomushika, nilisoma vitabu viwili badala ya kimoja. Binti yangu akaniambia: "Mama, we ni mubaya." Nikamwambia akachote maji.

Mwaka huu nilikuwa nasoma kitabu cha bata anayetafuta viatu, muteja wa samaki akaniita inje, nikakiacha katikati. Kesho yake, hata sijakaa, mama mukubwa akauliza:

"Yule bata alipata viatu?"

Nikakifunga kitabu.

"Unauliza hadisi muchana, Mama?"

"Nauliza."

"Sema kwanza. Nani alimuua mama yangu?"

Akawaangalia watoto. "Damu. Wamama wote waliona ile godoro."

"Na wewe uliiona?"

"Na mimi. Watoto wane nilikuwa nawaweza, watano hapana. Wewe ulikuwa mukubwa, tena na mudomo. Muntu hatupi mutoto wa ndugu yake bila sababu, watu wangenisema." Akavuta shuka. "Soma sasa."

Hakuomba samahani, na mimi sikuwa nimeitayarisha. Wajukuu walikuwa wanangoja. Nikasoma mpaka mwisho. Bata hakupata viatu.

"Kitabu kibaya," akasema, akalala.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, mabati juu. Mitumbwi miwili, mashini moja ya kuisukuma. Depo ya kuuzia ndakala karibu na soko. Frigo, lakini moto wa umeme haufiki kila siku. Sanduku la vitabu vya picha. Mbuzi sita. Kiwanja kimoja kwenye njia ya Kabimba, bado sijakijenga.